Neno Nililomsemea Mukendi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa sitahani kwa sababu ya viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vya ngozi, vile vya kwendea sala ya Idi, nikidhani mtu hupokelewa kazini kwa heshima ya mavazi yake. Kapteni Mzee, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe, alinitazama kuanzia chini, na hakufika hata magotini. "Vua," alisema kwa Kiingereza chake cha kubahatisha. "Mbao hizi nimezipiga msasa kwa mikono yangu. Hapa tunatembea peku." Basi nikaanza kazi peku, katika bandari ya Split, kwenye bahari ya Adriatiki, mimi Salim, mtu wa Unguja niliyetokea Johannesburg, mji usio na bahari wala mto wa maana.

Nyinyi vijana wa Joubert Park, hapa Johannesburg, mnaonijia na simu zenu kuniuliza kazi za boti za Ulaya zinapatikanaje, nawajua. Mmeona picha: maji ya buluu, wazungu wamejilaza, na pembeni baharia mweusi mwenye shati jeupe anacheka. Mnadhani anacheka kwa sababu amefika. Nimechoka kumweleza kila mmoja peke yake, kwa hiyo naandika mara moja, na anayetaka asome. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, maana kazi niliijua vizuri. Nitaeleza pia kwa nini nyumbani kwangu hapagongwi mlango tena siku za Jumapili.

Kwanza niseme nilivyofika huko. Nilikuwa mshonaji wa turubai katika karakana moja mtaa wa Doornfontein. Tulikuwa wawili kwenye mashine kubwa: mimi na Mukendi, Mkongomani wa Likasi, mji wa migodi kule Katanga. Mukendi alikuwa fundi kunizidi mara kumi, na alikuwa hanifichi jambo hilo. Tajiri wetu alipenda kushona matanga ya watu wanaokwenda kucheza na boti zao kwenye bwawa la Vaal mwisho wa wiki. Tanga moja likitandazwa lilijaza sakafu nzima, nasi tulitambaa juu yake kwa magoti, tumevaa soksi, tukisaka mishono iliyoachia. Tajiri huyo alikuwa na rafiki yake Adriatiki, ndiye Kapteni Mzee, aliyekuwa akitafuta mtu anayejua kushona na asiyetapika baharini. Mimi nilikulia pwani, nikachaguliwa. Nilikwenda Mei, wakati hapa baridi inaanza kuuma, na kurudi Oktoba. Nikaendelea hivyo mwaka hadi mwaka.

Chombo kilikuwa na milingoti miwili, na jina lake silitaji kwa sababu hadi leo kinabeba watu. Kazi yetu ilikuwa ya wiki moja inayojirudia. Jumamosi mchana wageni wanane au kumi walipanda Split na masanduku yao. Tukalala kisiwa cha Brač, tukaenda Hvar, Vis, Korčula, Mljet, tukawashusha Dubrovnik, kisha tukarudi mbio kuwachukua wengine. Kila mgeni alidhani kisiwa kile kimegunduliwa kwa ajili yake. Sisi tulikuwa tumekiona mara ishirini, na tulichokuwa tunakitafuta ni bomba la maji baridi na mahali pa kutupa taka.

Mabaharia tulikuwa watano. Kuli wa sitaha, ndiyo cheo changu cha kwanza, alipandisha tanga kwa henza, yaani kamba inayolivuta tanga juu ya mlingoti, na akakaza au kulegeza demani, kamba inayolibana tanga lisikimbie na upepo. Aliosha sitaha kwa maji ya chumvi kila alfajiri. Tukiingia bandarini alikimbia na madafrao, yale maboya ya mpira yanayoning'inizwa ubavuni ili chombo kisijikwaruze ukutani. Kule wanafunga chombo kwa tezi, yaani kwa nyuma, kimoja kando ya kingine hadi gati lote linajaa. Ukikosea kwa upana wa kiganja umeingia sebuleni kwa Mjerumani.

Upepo nao una majina yake. Maestrali ni ule wa mchana, mpole, unakuja saa saba na kuondoka jua likipungua. Jugo unatoka kusini na huleta mawingu na maumivu ya kichwa. Bura ndio wa kuogopwa, kwa sababu unateremka milimani mbingu ikiwa nyeupe, bila kupiga hodi. Kapteni Mzee alinifundisha yote hayo kwa kunipiga bega kila nilipokosea, na nilikosea mno mwaka wa kwanza. Nilimpenda mzee yule. Nasema wazi kwa sababu yanayofuata yasingetokea kama angekuwa bado yupo.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya yeyote. Siku ya kwanza ya kila msimu, chombo kikiwa kimetia nanga, baharia mpya aliruka majini na kukizunguka mara moja, wenzake wakitazama. Akimaliza, serahangi, ndiye mkuu wa mabaharia chini ya kapteni, aliandika kwenye daftari mbele ya jina lake: anaogelea. "Asiyejua kuogelea si baharia," alisema Kapteni Mzee, "ni mzigo, na mzigo huandikwa kwenye orodha nyingine." Mimi niliruka, nikazunguka, nikapewa kahawa. Baada ya misimu mitano serahangi wetu alistaafu, na daftari likakabidhiwa mkononi mwangu.

Mwaka uliofuata Kapteni Mzee aliuza sehemu yake, akaja Kapteni Kijana. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alijua kuendesha chombo, alikuwa na adabu, alinisalimia kwa jina. Ila alikuwa na ugonjwa wa picha. Kila jambo lilipimwa kwa jinsi litakavyoonekana kwenye simu za wageni. Majaketi ya kuelea, yale ya rangi ya chungwa tunayovaa tukienda sehemu za hatari, aliyachukia. "Serahangi," aliniambia wiki ya kwanza, "ile rangi inaharibu picha. Wageni wakiwa wanapiga, waambie watu wako wayavue. Wakimaliza, wavae tena." Nikasema ndiyo, Kapteni. Nilikuwa hodari sana wa kusema ndiyo.

Msimu wake wa pili alitaka mshonaji wa kukaa chomboni moja kwa moja, kwa sababu matanga yalikuwa yamechakaa na cheo changu hakikuniachia muda wa sindano. Nikamtaja Mukendi. Karakana ya Doornfontein ilikuwa imefungwa, na rafiki yangu alikuwa anazunguka mitaani akipunguza suruali za watu kando ya barabara, fundi wa kushona tanga zima! Nilipompelekea habari kwao mtaa wa Observatory alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe, Mama Odette, hakucheka. Yeye ni msusi, na alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, vidole vikiendelea kusuka.

"Shemeji," aliniambia, "huyu muntu wangu ni wa cherehani, si wa mayi. Miye namuweka mu mikono yako. Unasikia? Mu mikono yako."

"Nimesikia, shemeji," nikajibu. "Atarudi amenenepa."

Ndani ya ndege, tukiwa tumeshapewa chakula, Mukendi aliniinamia.

"Kaka Salim, kuko neno moja. Miye siyue kuogelea."

"Hujui kabisa?"

"Hata mu bafu minaogopa. Kwetu Likasi mayi ni ya bomba, kaka. Usibaambie bale bantu. Bakinirudisha, nitamwambia Odette nini?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia asijali, nitamfundisha mwenyewe, wiki mbili tu atakuwa anaelea. Niliamini nilichosema.

Siku ya kuzunguka chombo ikafika. Tulikuwa tumetia nanga kwenye ghuba ya Brač, maji yanaonyesha mpaka mchanga. Kapteni Kijana alikuwa anasoma simu yake. Baharia mmoja wa Split, kijana mpenda mizaha, alimwona Mukendi amesimama mbali na ukingo, akapaza sauti: "Serahangi, rafiki yako vipi? Au ni kweli Waafrika hawaogelei, wanazama tu?" Wenzake wakacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki, nimeshasikia cha chuki na nakijua. Lakini tulikuwa watu weusi wawili tu katika chombo kile, na mimi ndiye mkubwa wao. Damu ilinipanda.

"Huyu amezaliwa ufukweni mwa ziwa Tanganyika," nikasema. "Anaogelea kuliko nyote hapa. Leo sikio linamuuma, ndiyo maana haruki. Mna swali jingine?"

Wakarudi kwenye kamba zao. Likasi na ziwa Tanganyika ni mbali kama hapa na Musina, mpakani na Zimbabwe, lakini nani kule angejua? Mukendi alinitazama kwa shukrani, na mimi nikafungua daftari nikaandika mbele ya jina lake: anaogelea. Nilijiona nimemlinda. Nilijiona hata nimelilinda bara zima.

Nilimfundisha mara mbili, nasema kweli, mara mbili tu. Alinikaba shingo kama mtoto, akanywa maji, akatukana kwa Kifaransa. Kisha wageni wakaanza kupanda, kazi ikatuzidi, na kila asubuhi nikawa nasema kesho. Mukendi mwenyewe aliacha kuogopa. Alizoea sitaha, akajifunza kutembea peku, akashona matanga mpaka Kapteni akaanza kumwonyesha kwa wageni. Usiku alimpigia mkewe simu akimsimulia kisiwa cha siku hiyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivuna.

Ilikuwa mchana, kati ya Hvar na Vis, hakuna wimbi, maestrali ndiyo kwanza umeanza. Tanga dogo la mbele lilikuwa limeachia mshono karibu na dasturi, ule mti mrefu unaotokeza mbele ya omo, yaani pua ya chombo, na kuning'inia juu ya maji. Mukendi alivaa jaketi lake la chungwa, akatambaa juu ya dasturi na sindano na uzi, akakaa amepanda kama mtu aliyekaa juu ya punda. Ilikuwa kazi ya mishono sita. Wageni wakaona, wakaja mbio na simu.

Kapteni aliyekuwa kwenye usukani aliniashiria kifuani pake. Sikuhitaji kuelezwa. Nilikwenda hadi omo nikamwambia kwa Kiswahili chetu, kwa sauti ya kawaida: "Mukendi, vua hilo koti kidogo, wapige picha."

"Sharp, kaka," akakubali. Akalivua, akanirushia.

Nikarudi tezi kushika demani. Feri ilikuwa imepita mbali, hata sikuiwaza. Mawimbi yake yalitufikia yakiwa yamechelewa, matatu, la pili ndilo kubwa. Omo ilipanda, ikashuka, na Mukendi hakuwepo tena juu ya mti. Wageni walishangilia. Walidhani ni mchezo.

Kapteni aligeuza kichwa akanitazama. Nayakumbuka maneno yake yote kwa sababu nayasikia kila siku: "Yule ni mwogeleaji mzuri, sivyo, Serahangi?"

Nikasema, "Ndiyo, Kapteni."

Sijui nieleze vipi. Sikuamua kusema. Neno lilikuwa limeshakaa mdomoni tangu ile siku ya ghuba, likatoka lenyewe. Kwa hiyo Kapteni alifanya linalofanywa kwa mtu anayejua maji: akateremsha matanga kwa utaratibu yasipasuke, akazunguka polepole. Boya la duara lilikuwa limefungwa tezi, mkono wangu ungelifikia. Sikulirusha. Kulirusha mapema hivyo kungekuwa kusema mbele ya kila mtu kwamba Mukendi hajui kuogelea na kwamba mimi ni mwongo. Nilisimama. Nilisikia akiniita mara moja, "Kaka!", na yule baharia wa Split akacheka akasema hata mabingwa huogopa maji baridi. Halafu hakuita tena, na hapo ndipo nikaruka.

Niliogelea mpaka kofia yake, kofia ikawa tupu. Nilizama mara nyingi, nikavutwa chomboni natapika chumvi. Walimpata alasiri, wapiga mbizi wa serikali. Kapteni aliandika katika taarifa yake kwamba marehemu alikuwa mwogeleaji mzuri aliyepatwa na mshtuko wa maji, na kwamba serahangi aliruka kumwokoa bila kujali uhai wake. Daftari langu liliambatanishwa kama ushahidi. Nikatia sahihi.

Nilirudi Johannesburg pamoja na jeneza. Uwanja wa ndege, mbele ya wachungaji wawili na kundi zima la kina mama wa kanisa, Mama Odette alinishika mikono yote miwili. Nilitegemea anitemee mate. "Balinambia," alisema, "uliruka mu mayi kwa ajili yake. Mungu akulipe, shemeji." Ilikuwa nafasi ya kusema. Watu wamejaa, wanalia, nikajiambia si leo. Nilijiambia hivyo miaka kumi na moja.

Na nilirudi kazini misimu miwili zaidi, hilo nalo liandikwe, kwa sababu sikuwa na kazi nyingine na hakuna aliyenifukuza. Walinipa hata cheti. Goti ndilo lililonistaafisha. Nikapanga chumba Observatory, barabara mbili kutoka kwa Mama Odette, na kila Jumapili baada ya ibada alinigongea mlango na sufuria: bukari, ndio ugali wao, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Alihakikisha hakuna kitu ambacho dini yangu inakataza. Wanawe, wanaosema Kiingereza na Kizulu na Kiswahili wanakisikia tu, waliniita malume, mjomba. Mama yao aliwafundisha kunisogezea kiti. Nilikula chakula kile.

Jumapili moja mwaka huu alimkuta kwangu kijana wa Kigoma aliyekuja na maswali ya boti. Mama Odette akamwambia, "Sikia, mwanangu, huyu muulize vizuri. Huyu njo shujaa. Alitaka kufa na bwana yangu." Kijana akanitazama kwa macho makubwa. Nilimwomba aondoke. Kisha, jua likiwa bado liko uani na sufuria katikati yetu haijafunuliwa, nikamweleza mama yule yote: ndege, ghuba, daftari, koti, na lile jibu langu kwa Kapteni. Sikulia, nilijizuia. Niliona si haki yangu kulia mbele yake.

Mwisho aliuliza jambo moja. "Alikuita?"

"Aliniita."

"Akasema nini?"

"Kaka."

Aliitikia kwa kichwa, muda mrefu, kama anayekubaliana na mtu mwingine asiyekuwepo pale. "Eish, Salim," alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita jina bila shemeji. "Miaka yote hii nilibaambia batoto: baba yenu hakufa peke yake, rafiki yake alikuwa njiani kumushika. Njo kitu kimoja tu nilikuwa nacho cha kubapa. Leo umechukua na kile. Kwa nini? Ulitaka kulala vizuri?"

Jibu alikuwa amelitaja mwenyewe.

"Basi, lala," akasema. Akabeba sufuria yake.

Hajarudi. Binti yake alinipigia simu, akaniuliza kwa Kiingereza nimemwambia mama nini, mbona hapiki, mbona picha ya baba imetolewa ukutani. Nilimjibu amuulize mama yake. Woga wangu, mnaona, bado uko imara kuliko goti. Nilidhani ukweli ni deni, ukiulipa unapumua. Mimi sikupumua, na yeye nimemzikia mumewe mara ya pili, safari hii bila rafiki njiani.

Mnaniuliza kama kazi ya boti inafaa. Ilinilisha, ilinionyesha visiwa, ilinipa cheti. Sina ushauri. Ninachofanya siku hizi ni kurudi kimawazo kwenye ile ghuba ya Brač na kumwambia Kapteni sentensi moja: huyu hajui kuogelea. Baharia wa Split anacheka mpaka anachoka. Mukendi anapandishwa ndege ya kwanza, amenikasirikia, anarudi kupunguza suruali za watu kando ya barabara, na tangu siku hiyo hanisalimii. Namwona tukipishana kwenye robot, zile taa za barabarani, mzee sasa, amenuna, anatazama upande mwingine, yuko hai.